Mchoro wa Ruoth Owiti

"Mpeleke kortini kesho asubuhi," alisema Superitendenti Nabututu. "Mwalimu amekufa, mchoro umepatikana kwa Nicodemus, Nicodemus yuko seli. Unataka nini tena, Nasambu?"

"Nataka kujua doa limeenda wapi, Afande."

"Doa gani?"

"Hilo nililokuonyesha jana."

Superitendenti aliweka kikombe chini kwa kishindo, chai ikamwagikia sahani. Dirisha la ofisi lilikuwa limefunikwa na wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi mvua za Aprili zinapoanza. Mmoja alikuwa tayari ndani ya chai. Akamtoa kwa kidole, akanywa.

Inspekta Agneta Nasambu alipanga karatasi mbili juu ya meza, moja kando ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa fotokopi, ile ambayo wazee wa baraza la ardhi waligawiwa. Ya pili ilikuwa mchoro wenyewe, karatasi ya kahawia yenye ukubwa wa ukurasa wa daftari la shule, imechorwa kwa penseli miaka tisini iliyopita na mzungu aliyekuwa akipita ufuo wa ziwa na msafara wake. Haukuwa mchoro wa mtu aliyeketi kwa utulivu ili achorwe. Ulikuwa wa haraka, wa mtu aliyejua kwamba anayemchora anaweza kuinuka wakati wowote. Uso ulikuwa umegeuka kidogo upande. Kichwa kimenyolewa. Nyusi zimekunjwa. Shanga shingoni, bega moja, nyuma yake mstari wa jiwe kubwa. Kisha chini ya bega mkono wa mchoraji ulikuwa umechoka au umekatizwa, na karatasi ikaachwa tupu. Pembeni kulikuwa na neno moja, Owiti, na mwaka, 1896.

"Tazama bega kwenye fotokopi," Nasambu alisema. "Kuna alama nyeusi hapa. Imefifia, lakini ipo. Sasa tazama mchoro wenyewe. Bega ni safi."

"Mashine ya fotokopi ilikuwa chafu."

"Fotokopi kumi na kitu, Afande, zote zina uchafu mahali pamoja?"

"Mashine ni ile ile, uchafu ni ule ule!" Nabututu alisimama, akachukua kofia yake. "Hao watu wa Rakwaro wamenitoa jasho mwaka mzima na kipande chao cha ardhi. Sasa wameniletea maiti. Mimi sitaki kujua habari ya doa. Kesho asubuhi, kortini."

Akatoka. Nasambu akakusanya karatasi zake.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Rakwaro ni kipande cha ufuo kusini mwa Kisumu, chenye jiwe kubwa na mahali pazuri pa kuegesha mashua. Familia mbili zilikuwa zikikidai. Wa kwanza alikuwa Walter Ogola, mkandarasi tajiri wa Milimani, aliyetaka kujenga hoteli pale. Wa pili alikuwa Nicodemus, mvuvi anayeishi papo hapo na mama yake. Walter ndiye aliyeleta mchoro. Aliupata, alisema, kwenye vitabu vya mzungu mmoja aliyeuza nyumba yake na kurudi kwao. Aliwaambia wazee kwamba aliyechorwa ni Owiti, babu wa baba yake, ruoth, yaani mtawala, akiwa ameketi mbele ya jiwe la Rakwaro. Na ile alama ya begani, alisema, ni makucha ya ngozi ya chui ambayo watawala walivaa.

Wazee wakabishana hadi wakachoka. Mwishowe wakakubaliana kutafuta mtu asiye wa upande wowote. Wakampelekea mchoro Mwalimu Waliaula wa Maseno, mzee wa Kibukusu aliyefundisha uchoraji maisha yake yote, awaambie kilichochorwa. Kabla hajawaambia, alikutwa amekufa sebuleni kwake, kichwa kimepasuka, na mchoro haupo. Kisha mtu asiyejitaja akapiga simu kituoni, akasema polisi watafute katika ghala la mahindi la Nicodemus. Wakatafuta. Ulikuwepo, umefungwa kwa gazeti.

Nasambu alishuka seli. Sajini Oketch, aliyemsaidia pale Kidholuo kilipohitajika, alikuwa ameshamtoa Nicodemus na kumketisha kwenye benchi.

"Mimi hiyo kitu sijawahi ona, Madam," Nicodemus alisema kabla hajaulizwa. Alikuwa mtu mrefu, miguu peku, sauti imekwisha kwa kupiga kelele. "Nimeambia huyu sajini, nimeambia yule mwingine, nimeambia ukuta. Mimi najua ile ya fotokopi peke yake."

"Ulienda nyumbani kwa Mwalimu. Watu walikusikia."

"Nilienda. Wiki moja mbele ya kufa kwake. Nilimwambia akisema uongo ataona."

"Ataona nini?"

"Ataona! Si mtu husema tu hivyo? Wewe ukikasirika unasema nini?"

Nasambu alifungua mkoba wake. Akamwonyesha fotokopi. "Hii alama ya begani ni nini?"

"Kamba."

"Kamba?"

"Kamba, ndiyo. Huyo ni mtu amefungwa. Angalia sura. Mtawala gani anakaa na sura hiyo? Wazungu walikuwa wanapita wanashika watu wabebe mizigo. Huyo ameshikwa. Sasa mtu ameshikwa Rakwaro anaweza kuwa mwenye Rakwaro namna gani? Hiyo ndiyo nilisema kwa baraza, wakanicheka."

"Na mwenzako anasema ni makucha ya chui."

"Huyo hata akienda Ulaya, kusiko na chui, ataona chui kwa kila bega."

Sajini Oketch alikohoa kuficha kicheko. Nasambu akageuza karatasi huku na huku. Kamba haikuwa na mwanzo wala mwisho. Makucha hayakuwa na ngozi. Wiki nzima amekuwa akiwaonyesha watu mchoro huu: mhadhiri mmoja alisema inategemea, padri alisema ni mtume wa kwanza wa eneo lile, karani wa mahakama alisema anafanana na mjomba wake. Kila mtu aliona alichokuja nacho.

"Nicodemus, nisikilize vizuri. Kama ungeiba mchoro huu, ungeufanya nini?"

"Ningechoma."

"Usingeuficha kwenye mahindi?"

"Mahindi ya mama yangu? Nina wazimu?"

"Mrudishe," Nasambu alimwambia sajini.

Gari la kituo lilikataa kuwaka. Askari wawili walilisukuma hadi barabarani, likakohoa, likakubali, na Sajini Oketch hakuthubutu kulizima tena mpaka Maseno.

Mama Selpha, mjane wa Mwalimu, aliwapokea barazani. Ndani kulikuwa bado na wageni wa matanga, na hakutaka wasikie. Alikuwa mama mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alianza kwa kulalamika.

"Mmekuja tena. Nilishasema yote. Nilienda msibani Kakamega, nikalala huko, niliporudi nikamkuta sakafuni karibu na meza yake. Mnataka nilie tena ndiyo mwandike?"

"Pole, Mama. Nataka kujua jambo moja tu. Mwalimu alikuambia ameona nini kwenye ule mchoro?"

"Mwalimu kuniambia?" Mama Selpha alicheka bila furaha. "Huyo mzee hakuwa akimwambia mtu kitu mpaka akimalize. Hata alipotaka kunioa alimwambia baba yangu kwanza. Alisema tu, 'Wote wamekosea.' Nikamwuliza wamekosea nini. Akasema, 'Subiri nione vizuri.' Kuona kwenyewe kulikuwa shida. Macho yalikuwa yamekwisha."

"Alikuwa akitumia lenzi?"

"Lenzi ilimshinda. Ndiyo maana alienda Kisumu, akapiga picha hiyo karatasi ili ikuzwe."

Nasambu aliinua kichwa. "Alienda wapi?"

"Studio. Ile ya Simiyu, karibu na soko. Siku moja kabla sijaenda msibani."

"Mama, mbona hukuniambia jambo hili?"

"Uliniuliza?" Mama Selpha alisema. "Uliniuliza nani alikuwa adui yake. Nikakuambia hana adui. Ukaandika, ukaenda."

Walishika barabara ya kurudi Kisumu. Sajini Oketch alijaribu kusema habari ya mvua, akaacha.

Bwana Simiyu alikuwa amekaa gizani kwenye studio yake, kwa kuwa stima zilikuwa zimepotea tangu asubuhi. Alipomwona Nasambu alimsalimia kwa Kibukusu, naye akajibu kwa Kibukusu, kisha wakarudi kwenye Kiswahili ili sajini asibaki nje.

"Picha ya Mwalimu Waliaula? Iko. Nilimwambia aje Ijumaa, hakuja. Kumbe alikuwa amekufa, mimi huku namlaumu."

"Umemwonyesha mtu mwingine yeyote?"

"Nani aje kuuliza picha ya mtu aliyekufa? Hata wewe nimekushangaa."

Akafungua droo, akatoa bahasha. Nasambu alienda nayo hadi mlangoni kwenye mwanga, akavuta picha. Ilikuwa kubwa kama trei ya chai. Simiyu alikuwa fundi mzuri, na kila mstari wa penseli, hata ule uliopita kama pumzi juu ya karatasi, ulikuwa umetoka.

Sajini Oketch alichungulia juu ya bega lake.

"Madam," sajini alisema mwishowe, "hiyo si kamba."

"Sio."

"Wala si chui."

Begani palikuwa na vidole. Vidole vinne, vifupi, vinene, vimeng'ang'ania ngozi kutoka upande wa nyuma. Na nyuma ya bega, ambapo fotokopi ilionyesha weupe mtupu, kulikuwa na mstari wa duara mwepesi kabisa: utosi wa mtoto aliyebebwa mgongoni. Mchoraji alikuwa ameanza kumchora mtoto, kisha akaacha.

"Hakuna ruoth anayebeba mtoto mgongoni," Oketch alisema.

"Soma jina."

Oketch akainama. Katika picha kubwa, herufi ya kwanza haikuwa duara tupu. Ilikuwa na mkia mdogo upande wa kulia, ukishuka na kuunganika na herufi iliyofuata.

"Ni A," alisema polepole. "Awiti. Owiti ni mwanamume, Awiti ni mwanamke. Huyu ni mwanamke, Madam! Alikuwa amenyoa kichwa kama walivyokuwa wakinyoa wanawake zamani, sisi tukasema mwanamume." Akajipiga paja kwa hasira. "Na mimi nimeiangalia hii takataka wiki nzima!"

Nasambu alitoa mchoro wenyewe kwenye mkoba wake, akauinamisha ili mwanga uupige kwa ubavu. Sasa alijua pa kutazama. Begani karatasi ilikuwa na mabaka meupe kuliko kwingine, na nyuzi zake zilikuwa zimesimama kama nywele za mtu aliyechanuliwa vibaya. Chini ya weupe ule, mikwaruzo ya ncha ya penseli bado ilikuwa imezama kwenye karatasi. Alipitisha ukucha, akaihisi. Pembeni mwa herufi ya kwanza kulikuwa na weupe mwingine. Na kwenye mkunjo wa karatasi palibaki punje mbili za raba ya waridi.

"Mtu amefuta," alisema.

"Nicodemus," Oketch alisema, kisha akajikatiza mwenyewe. "Hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Kwa sababu hiki kilichofutwa ndicho kingemsaidia. Kama huyu si Owiti, Walter hana kesi. Nicodemus angekuta vidole hivi angeita redio."

"Na asiyetaka mchoro uonekane kamwe angefanya nini?"

"Angechoma. Kama alivyosema mwenyewe."

"Lakini huyu hakuchoma. Alifuta vidole, akafuta utosi, akafuta mkia wa herufi, kisha akatuwekea mahali pa kuukuta. Alitaka upatikane, na alitaka upatikane na polisi, uwekwe muhuri, upelekwe kortini kama kielelezo. Baada ya hapo nani angebisha kwamba huyu ni Owiti?" Nasambu aliirudisha picha kwenye bahasha. "Na adui yake angekuwa gerezani. Twende Milimani. Na usiseme neno lolote la mtoto mpaka nikuruhusu."

"Gari likikataa?"

"Tutaenda kwa miguu."

Gari halikukataa. Walter Ogola aliwakaribisha katika ukumbi wa nyumba yake, wenye zulia na madirisha yanayotazama bustani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, nadhifu, shati jeupe lililopigwa pasi. Aliagiza chai. Nasambu akasema hawahitaji chai. Chai ikaletwa hata hivyo.

"Nasikia mnamfikisha Nicodemus mahakamani kesho," alisema. "Inanisikitisha. Ni jirani, karibu ndugu. Lakini sheria ni sheria."

"Nimekuja kumalizia mambo madogo, Bwana Ogola. Mara ya mwisho kumwona Mwalimu Waliaula ni lini?"

"Siku nilipompelekea mchoro pamoja na wazee. Nimeshaandika hivyo."

"Baada ya hapo hukumwona? Hamkuongea kwa simu?"

"Hakuwa na simu. Na nilitaka afanye kazi yake bila kusumbuliwa."

"Kwa hivyo hujui aliamua nini."

"Ningejuaje?"

Nasambu aliweka mezani fotokopi na mchoro. Bahasha ya Simiyu aliiacha mapajani. "Nisaidie hapa. Kwenye fotokopi kuna alama begani. Kwenye mchoro hakuna."

Walter hakuinama kutazama. "Uchafu wa mashine."

"Uchafu?"

"Fotokopi zetu unazijua, Inspekta."

"Nazijua. Lakini nina maneno yako kwenye kumbukumbu za baraza. Ulisema ni makucha ya chui. Ulisimama mbele ya wazee, ukaapa, ukawaonyesha kwa kidole. Ndiyo ilikuwa hoja yako kubwa kwamba mtu huyu ni ruoth."

"Nilikosea. Baada ya kuona mchoro wenyewe tena, nimeona hakuna kitu."

"Umeuona tena wapi? Tangu tuupate umekuwa kwenye kabati langu."

Walter akachukua kikombe, akakirudisha. "Nasema hivi, nilikuwa nao kabla. Nilipofikiri vizuri nikakumbuka begani hapakuwa na kitu. Inspekta, hizi ni hoja za nini? Uso uko pale. Jina liko pale. Kwa nini tunapoteza mchana kwa doa?"

"Kwa sababu Mwalimu alimwambia mkewe kwamba wote mmekosea. Kuna kitu aliona."

"Mwalimu alikuwa mzee!" Sauti ya Walter ilipanda. "Macho yamekufa. Anaangalia doa na lenzi yake, anaona mtoto, anaona mama, anaona mbuzi! Mtu kama huyo ndiye wa kuamua ardhi ya watu?"

Nje, mtunza bustani alikuwa akikata ua kwa panga. Sauti ya panga ikasikika mara kadhaa.

"Mtoto gani, Bwana Ogola?" Nasambu aliuliza.

"Nimesema kwa mfano."

"Ulianza na mtoto. Hukuanza na mbuzi. Mimi sijataja mtoto. Sajini, umetaja mtoto?"

"Sijafungua mdomo, Madam."

"Niliyasikia kwa watu," Walter alisema.

"Kwa nani? Mkewe hakuambiwa. Wazee hawakuambiwa." Nasambu alitoa picha kwenye bahasha, akaiweka juu ya chai, juu ya sahani za biskuti, juu ya kila kitu. "Hii ilipigwa siku moja au mbili kabla hajafa. Na kwenye mchoro wako, hivi vidole vimefutwa kwa raba. Ni nani alivijua mpaka akajua pa kufuta? Si lazima unijibu. Utakalosema nitaliandika na linaweza kutumika mahakamani."

Walter aliitazama picha kwa muda mrefu. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeogopa. Ulikuwa wa mtu aliyechoshwa.

"Nilirudi kumwuliza ameona nini, akanionyesha. Nilimwambia tu ausafishe mchoro," alisema. "Mstari mdogo. Mzungu mwenyewe hakuumaliza, kwa hivyo haukuwa na maana. Nilimwomba kwa heshima zote. Nimekopa, nimeandikisha kampuni, nimeleta mainjinia, halafu vidole! Akasema, 'Bwana, aliyechora alivichora.' Ndivyo alivyosema. Kama mtoto wa shule. Nikauchukua mchoro, akaushika mkono wangu. Nikamsukuma. Sikumpiga, Inspekta. Alianguka akagonga kona ya meza."

"Alikufa palepale?"

Walter aligeuza macho bustanini.

"Alikuwa akipumua?"

"Nilidhani amezimia."

"Ukaenda kuita watu?"

"Nilikuwa nataka kwanza kumaliza..."

"Kumaliza kufuta," Nasambu alisema. "Ulikaa kwenye kiti chake, ukachukua raba yake, ukafuta, naye yuko sakafuni."

"Raba ilikuwa mezani," Walter alisema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Sajini Oketch ndiye aliyemfunga pingu. Kituoni, Superitendenti Nabututu alisoma taarifa iliyotiwa sahihi, akaisoma tena, akauliza kama mkandarasi yule alikuwa na wakili, akawaza simu zitakazopigwa na wakubwa, akashika kichwa. "Sasa hii doa yako," alisema, akatafuta kofia yake.

Nicodemus alitolewa alasiri. Alisimama kaunta akidai mkanda wake, ambao hakuna aliyejua uliko.

"Kwa hivyo huyo wa picha ni nani?" akamwuliza Nasambu.

"Mwanamke. Anaitwa Awiti. Ana mtoto mgongoni."

"Ni wa kwetu?"

"Sijui."

"Hujui? Nimelala kwa simiti hizi siku zote, na hujui?"

"Akina Awiti ni wengi, Nicodemus. Mchoro hausemi alikuwa nyanya ya nani. Unasema tu kwamba hakuwa Owiti. Nenda nyumbani. Mama yako yuko nje tangu alfajiri."

Nicodemus alishika suruali yake kwa mkono mmoja, akatoka. Nasambu alimsikia akianza kumweleza mama yake kwa Kidholuo, na mama yake akimkatiza kumwuliza kama amekula.

Jua lilikuwa linainama walipofika tena Maseno. Wageni wa matanga walikuwa wamepungua. Mama Selpha alikuwa peke yake barazani akichambua mboga, na hakusimama.

"Tumemshika," Nasambu alisema. "Ni Walter Ogola. Amekubali mwenyewe."

Mama Selpha aliendelea kuchambua. "Yule aliyekuja na gari jeupe? Nilimpikia chai."

"Ndiye."

"Alimwulia nini mzee wangu?"

Nasambu alikuwa amefikiria jinsi ya kusema njiani kote. Mwishowe akamwonyesha picha. Akamwekea kidole penye vidole vya mtoto, akamweleza: aliyechorwa ni mama na mtoto, Mwalimu alikuwa wa kwanza kuona, Walter akamwomba afute, naye akakataa.

Mama Selpha alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa tena. Akasogeza picha karibu na uso.

"Hivi?"

"Hivyo."

"Hivi vitu vinne?"

"Ndiyo, Mama."

"Si angefuta tu!" Sauti yake ilipasuka, majirani wawili wakatokeza vichwa uani. "Mtoto mwenyewe alishakufa zamani! Mama yake alishakufa! Mzungu alishakufa! Angefuta, yule mtu angeondoka, yeye angekuja kula. Nilimwachia ndizi kwenye sufuria. Nani angejua? Niambie wewe polisi, nani angejua?"

Sajini Oketch alitazama viatu vyake. Nasambu alivuta kigoda, akaketi kando yake.

"Hakuna ambaye angejua, Mama."

"Mtu mbishi," Mama Selpha alisema. "Mtu mbishi sana." Kamasi zikamtoka, hakuzifuta. Alikuwa bado ameishika picha kwa mikono miwili, na kidole gumba chake kilikuwa kikipita taratibu juu ya vidole vile, kikipita na kurudi, bila kubonyeza, kama anayeogopa visije vikatoka.